Kilo Arubaini Zilizogeuka Mia na Sitini

Ujumbe huingia usiku katika kundi letu la kusaidiana, watu wamekwisha kula na watoto wamelala. "Shikamooni wakuu. Poleni na kazi. Hifadhidata yangu imekataa, naomba msaada." Basi. Imekataa nini, haijulikani. Ni ya MySQL, ya Access au ya PostgreSQL, haijulikani. Mwenyewe alikuwa akitaka nini, hilo nalo kalibakisha moyoni. Kabla hujamaliza kusoma, majibu matano yamekwisha fika: zima uwashe, futa usakinishe upya, hamia mfumo mwingine, tatizo ni seva yako, na la tano ni kikatuni cha uso unaotokwa na machozi ya kucheka.

Nimekaa pande zote mbili za mazungumzo hayo. Niliwahi kuwa yule wa "imekataa", na kwa miaka mingi sasa, katika kuandikia programu hoteli, zahanati na vyama vya akiba baina ya Malindi na Kilifi mjini, nimekuwa miongoni mwa wanaojibu. Nakiri kwamba kwa muda mrefu nilijibu vibaya. Kazi niliijua, na huko kujua ndiko kulikoniponza. Mjuzi hujibu swali analolifahamu yeye, ambalo mara nyingi silo aliloulizwa. Siku hizi sitoi jibu mpaka nimeiona mistari michache ya data yenyewe. Kumi inatosha. Wakati mwingine hata minne.

Kijana mmoja wa Ngomeni aliwatengenezea wavuvi wa kwao programu ya kuandikia samaki wanaoshushwa. Tangu kanuni za 2007, fuo zetu zina vikundi vya usimamizi, vile tunavyoviita BMU, na mojawapo ya kazi zao ni kuweka kumbukumbu: chombo gani kimefika, kina samaki gani, kilo ngapi, bei gani. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa kwa daftari na kalamu, pembeni mwa mizani. Kijana akaihamishia kwenye laptopu. Majedwali yake aliyapanga vizuri: moja la vyombo, moja la mabaharia, moja la mizigo iliyopimwa. Mwezi ulipoisha, jumla ya kompyuta ikawa karibu mara nne ya jumla ya daftari. Katibu wa ufuo akamuuliza kama amefuga samaki ndani ya laptopu.

Akatuandikia kwamba SUM, amri ya kujumlisha ya MySQL, inakosea. Wengine wakamwambia abadilishe aina ya namba, wengine wakasema MySQL ni ya watoto. Mimi nikamwomba: nitumie mashua moja, siku moja, bila SUM, mistari tu kama inavyotoka. Akatuma. Ilikuwa mistari minne. Mashua ile ile, tarehe ile ile, kolekole kilo 40. Kilo 40. Kilo 40. Kilo 40. Kilichotofautiana ni safu ya mwisho: jina la nahodha, kisha majina ya mabaharia watatu. Kabla sijaandika neno, ukaja ujumbe wake mwingine: "Alaa!"

Alikuwa ameunganisha jedwali la mizigo na jedwali la mabaharia, kwa hiyo mzigo mmoja ukarudiwa kwa kila mtu aliyekuwa ndani ya mashua. Kilo arubaini zikahesabiwa mia na sitini. Kompyuta haikukosea; ilijumlisha ilichopewa. Sikumfundisha chochote usiku ule zaidi ya kumwondolea SUM, ambayo ilikuwa kama pazia baina yake na data yake. Nakuhimiza hilo kuliko mengine yote: mwenzako akikuletea jumla isiyoaminika, mtake aiondoe jumla, apunguze hadi kisa kimoja anachokijua kwa macho, kisha atazame.

Hapo ndipo huja pia jibu la haraka ambalo ni baya kuliko kunyamaza. Mtu akiona mistari imejirudia husema, tia DISTINCT. Mwenye shida hutia, hesabu hushuka, hushukuru. Lakini SUM ya DISTINCT hujumlisha thamani zisizofanana tu. Mashua mbili tofauti zikishusha kilo 40 kila moja siku moja, moja inapotea, na hakuna atakayejua mpaka mvuvi adai pesa zake. Dawa yake ni kuijumlisha mizigo peke yake kwanza, kwa amri yake yenyewe, ndipo matokeo yaunganishwe na jedwali jingine. Au kutoliunganisha kabisa jedwali la mabaharia, ikiwa ripoti haiwataji. Ukimpa mwenzako dawa, mwambie na inapodhuru.

Ngomeni, kwa wasiopajua, ndipo Waitaliano walipoweka majukwaa yao ya San Marco baharini. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa hapo setilaiti ya Kimarekani ya kuchunguza miali ya eksirei angani, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu. Mwaka huo huo Edgar Codd wa IBM alichapisha makala yaliyoanzisha wazo la kupanga data katika majedwali yenye uhusiano. Mambo mawili yasiyojuana, najua. Ila hunifurahisha kufikiri kwamba kijana anahesabu kolekole kwa wazo la mwaka ule, mkabala na majukwaa yaliyorusha setilaiti ya mwaka ule.

Shida ya pili ya kijana yule ilikuwa tamu zaidi. Ripoti za kila siku zilipishana na daftari, lakini jumla ya mwezi ilikuwa sawa karibu na kilo. Jambo la aina hii likikufikia, usikimbilie kusoma amri zake. Muulize: mzigo uliopotea ulifika saa ngapi, na kwa saa ya nani?

Maana sisi tuna saa mbili. Karani akiandika "2" huenda anakusudia saa mbili ya asubuhi, ambayo kompyuta huiita 08:00, au saa mbili ya usiku, ambayo ni 20:00, au huenda amefuata simu yake, na 2 hapo ni saa nane ya usiku. Hakuna mtaalamu wa mbali atakayeotea hilo. Ni sisi wa huku tunaopaswa kuliuliza, na ni moja ya sababu zinazonifanya niamini kwamba msaada wa mtu wa karibu una thamani hata kama anajua kidogo. Lakini hata karani alipoanza kuandika sawasawa, tofauti ilibaki. Ilikuwa msimu wa kaskazi, bahari imetulia, wageni wa Pemba wamekuja kama wanavyokuja kila msimu, na vyombo vingine vilirudi usiku wa manane. Seva aliyokodi ilikuwa ikihesabu saa za UTC, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Samaki walioshushwa saa nane ya usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa seva ile walishushwa saa tano ya usiku wa tarehe 14. Ripoti ilipokata siku, iliwakatia upande wa jana. Suluhisho ni kuhifadhi wakati pamoja na ukanda wake, na kuugeuza kuwa wa Africa/Nairobi kabla ya kukata siku, si baada.

Sasa niseme juu ya adabu, maana huko ndiko wengi huumizana. Kuna wenzetu, hasa waliozoea mazungumzo ya Wazungu, wanaoudhika na salamu. Humwambia mgeni aache shikamoo aingie kwenye swali. Mimi sikubaliani nao. Mtu wa pwani hakuulizi kitu bila kukujulia hali, na ukimnyima salamu umemnyima mlango. Lakini ni kweli kwamba salamu ikija peke yake, kisha mtu akasubiri iitikiwe ndipo aulize, usiku hupita. Kwa hiyo mwelekeze kwa upole: salamu na swali vije kwa pamoja, katika ujumbe mmoja. Asalimie, aseme alitaka nini, aliandika amri gani, kikatoka nini. Akikosa kimoja, muulize hicho kimoja tu; ukimrushia orodha ya maswali kumi, atajiona yuko kituo cha polisi.

Ujumbe wa kosa aulete wenyewe, neno kwa neno. "Imeleta kosa" haisaidii. Wala picha ya kioo cha laptopu iliyopigwa kwa simu, kidole gumba kikiwa kimeziba mstari unaotakiwa, haisaidii sana. Picha hula bando, na hakuna anayeweza kunakili amri kutoka kwenye picha akaijaribu kwake. Wengi hawajui hilo. Mwambie mara moja, kwa wema, na umwonyeshe jinsi ya kunakili. Hilo peke yake litamfaa maisha.

Kuna na wale wanaokuja faraghani. Kwa uzoefu wangu wengi wao ni akina dada, na sababu ni kile kikatuni cha kucheka nilichokitaja mwanzo. Dada akichekwa mara moja hadharani, harudi. Hutafuta mtu mmoja anayemwamini na kumuuliza huko. Mjibu. Usimwambie arudi akaulize mbele ya watu, kwani ndiko alikotoka kuumizwa. Mkimaliza, mwombe ruhusa uliweke swali na jibu mbele ya wenzenu bila jina lake. Mara tatu nimefanya hivyo, na mara zote tatu alijitokeza mwingine akasema, hata mimi lilinisumbua hilo. Na anayecheka aambiwe. Usimgombeze mbele ya watu, mpigie simu.

Jambo ambalo sina mzaha nalo ni data za watu. Mwenye shida akiwa na haraka hutuma jedwali zima: majina, namba za simu, vitambulisho, na nimewahi kuona orodha ya wagonjwa wa kliniki pamoja na dawa wanazotumia. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na taarifa za afya zimo katika zile zinazolindwa zaidi. Lakini acha sheria. Malindi ni mji mdogo. Katika watu mia wanaousoma ujumbe ule, mmoja ni shemeji wa huyo mgonjwa. Ukiona kitu kama hicho, la kwanza ni kumwambia afute, hata kabla ya kumwamkia. La pili ni kumsaidia atunge mistari bandia yenye umbo lile lile. Jina moja libaki tupu kama kwake lipo tupu. Namba moja ya simu ianze na 07, nyingine na +254, kama kwake zimechanganyika. Mara nyingi kosa hujionyesha hapo hapo katika kutunga, kwa sababu mtu analazimika kufikiri data yake ina sura gani. Wengi hugundua wakati huo kwamba walihifadhi namba za simu kama namba za hesabu, na sifuri ya mwanzo imekwenda na maji.

Shida nyepesi nyepesi nizipitie haraka. Mtu akilalamika kwamba "mpangilio umebadilika wenyewe", mwambie jedwali halina mpangilio. Ukitaka mpangilio, uuombe kwa ORDER BY kila mara. Mtu akitaka kurekebisha data kwa UPDATE, mfundishe aanze na SELECT yenye WHERE ile ile, ahesabu mistari, ndipo afungue muamala, abadilishe, atazame, na kama siyo, ROLLBACK. Usimpe UPDATE mkononi bila hayo. Ni kama kumpa mtoto panga kwa kushika makali. Na mtu akisema amri yake ya GROUP BY ilifanya kazi kwenye seva ya zamani na sasa inakataliwa, yaelekea amehamia MySQL 5.7 au ya baadaye, ambayo tangu ilipotoka 2015 hukataa kuchagua safu isiyojulikana itoke mstari gani. Wapo watakaomwelekeza namna ya kuzima ukali huo. Kuzima kunawezekana. Lakini ile seva ya zamani ilikuwa ikimwokotea jibu lolote na kumpa kama la kweli, na ni heri ajue leo.

Kisa cha alama ya ng'ombe kinastahili nafasi yake. Karani wa hoteli anaandika mgeni Ng'ang'a, na programu inaanguka. Anaandika Wang'ombe, inaanguka. Mwenye programu anauliza, na jibu la kwanza linalokuja ni kuwaambia makarani wasiiandike alama hiyo. Yaani watu wabadilishe majina yao ili programu ipumue! Kosa ni kwamba amri imejengwa kwa kuunganisha vipande vya maneno, na ile alama ya ng' imefunga nukuu kabla ya wakati wake. Na mlango huo huo anaoangukia Ng'ang'a ndio atakaoingilia mwizi, akiandika kwenye kisanduku cha jina amri ya kufuta jedwali au kusoma nywila. Mfundishe mwenzako kutenganisha amri na thamani, thamani zipite kama vigezo. Kila lugha ya programu ina njia yake ya kufanya hivyo. Nimeona hatari hii inaelezwa kwa mifano ya mbali na vijana wakasinzia. Ianzie kwenye Ng'ang'a, watakaa macho.

Siku hizi pia kuna wanaolichukua swali la mtu, wakaipa mashine ya akili bandia, wakarudisha jibu lake refu kama lao. Sina ugomvi na mashine. Mimi mwenyewe naitumia. Lakini mwenye shida naye anayo simu, angeiuliza mwenyewe. Alikuja kwa watu kwa sababu anataka aliyejaribu. Ukileta jibu la mashine, lijaribu kwanza kwenye jedwali dogo kwako, kisha sema ulilijaribu katika toleo gani. Kama hukulijaribu, sema hivyo.

Nimebakisha kisa changu mwenyewe, na nimekichelewesha kwa makusudi.

Karani wa chama kimoja cha akiba alituuliza afanyeje, kwani majina ya wanachama yamejirudia. Nilikuwa na haraka, na swali nililifahamu. Kwa dakika tano nikaandika DELETE safi ya kubakiza mstari wenye namba ndogo kwa kila jina na kufuta mingine. Watu wakanipigia makofi ya vidole gumba. Kesho yake saa sita mchana karani akanipigia simu. Kijana amekuja kuweka akiba na hayumo kitabuni. Yuko babu yake tu.

Na mimi ni mtoto wa huku. Najua vizuri kwamba kwa Wagiriama mtoto hupewa jina la babu, kwa hiyo Katana wa Kazungu humzaa Kazungu wa Katana, naye humzaa Katana wa Kazungu. Babu na mjukuu ni majina mawili yale yale, kwa mfuatano ule ule, mara nyingi katika boma moja. Pale Kilifi mjini mradi wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, ulioanza 1989, umekuwa na sajili ya wakazi tangu 2000, katika eneo la kilomita za mraba 891. Taarifa yao ya 2012 ilitaja wakazi 260,000, nyumba zikitembelewa kila baada ya miezi minne kuandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Mgonjwa akifika hospitali hutafutwa papo hapo kwenye sajili hiyo. Fikiria ni akina Katana Kazungu wangapi waliomo humo. Kazi ya kumtofautisha mtu na jina lake ilikuwa ikifanywa kila siku, mwendo wa saa moja kutoka mezani kwangu, nami nikafuta watu kwa kufanana majina.

Waliofutika walikuwa kumi na mmoja. Nakala rudufu ya jana yake jioni ilikuwepo, tukairudisha, na akiba za asubuhi karani akaziingiza upya kutoka kwenye kitabu cha risiti, mimi nikimsomea. Jioni nikarudi pale pale chini ya jibu langu la kwanza nikaandika kwamba lile jibu ni baya, limefuta watu, na kwa nini. Rafiki yangu mmoja aliniambia najidhalilisha. Lakini jibu lililopigiwa makofi halikai kimya. Wiki mbili baadaye mtu wa Mtwapa asiyenijua angelinakili.

Kisha nikamuuliza karani swali nililopaswa kumuuliza mwanzo: nionyeshe akina Katana Kazungu wawili tu, safu zote, majina ukishayabadilisha. Akatuma mistari miwili. Mmoja kazaliwa 1948, mwingine 1999. Kijiji kimoja. Na namba ya simu ilikuwa moja. Mzee hana simu, ujumbe wake husomewa na mjukuu. Nami nilikuwa nimekwisha andika nusu ya ushauri wa pili, kwamba waifanye namba ya simu kuwa ufunguo.